Cornelia Eustace, Aliyesikiliza Mawe ya Kusagia

Tumsifu Yesu Kristu. Baba Paroko, masista, viongozi wa serikali na wa Chama, ndugu wa ukoo na majirani wa Milanzi, ninyi mliopata kivuli cha turubai na ninyi mliosimama juani, familia imenituma mimi Kalisti, mdogo wake wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi, niwasomee maisha ya dada yetu Cornelia Eustace kabla hatujamsindikiza. Naomba mnivumilie, kwa sababu historia za namna hii husomwa haraka haraka, alizaliwa, alisoma, aliolewa, akafa, lakini dada huyu aliacha agizo kwamba katika maisha yake kuna sehemu moja isirukwe, na sehemu hiyo ndiyo itakayotuchelewesha.

Dada Cornelia alizaliwa tarehe 14 Agosti 1931 katika kijiji cha Ulinji, akiwa mtoto wa pili kati ya saba wa mzee wetu Eustace, mkulima wa ulezi na maharage, na mama yetu Elizabeth, na alibatizwa siku ya tatu tu, kwa kuwa alizaliwa mdogo na watu walihofu kwamba hataiona Jumapili. Aliiona Jumapili hiyo, na nyingine nyingi baada yake. Alipotimiza miaka saba mama alimpigisha magoti mbele ya jiwe la kusagia, akamfunga macho kwa kipande cha kaniki, akamwambia asage bila kutazama, maana kwetu binti alitakiwa ajue kwa sikio kama unga umelainika, na kama juu ya jiwe kumebaki ulezi au umekwisha. Jiwe lenye ulezi huguna, jiwe tupu hukwaruza, na yeyote aliyelelewa katika jiko la Kifipa anaijua tofauti hiyo. Naomba mlishike neno hilo, tutalirudia.

Mwaka 1941 alianza darasa la kwanza katika shule ya wasichana ya misheni, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka nyumbani, akawa analala huko juma zima na kurudi Jumamosi, hadi alipomaliza darasa la nne mwaka 1944. Hesabu zilimshinda, hilo halikuwa siri, lakini alisoma kwa sauti ya kupendeza, aliimba sauti ya pili bila kufundishwa, na alikuwa na tabia ya kugawa chakula chake cha mchana kisha kusinzia darasani kwa njaa, akawa anachapwa kwa kosa la uvivu. Baba alitaka aendelee, lakini mwaka ule mama aliugua, na mtoto wa kike ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitwa nyumbani.

Tarehe 3 Juni 1950 alifunga ndoa takatifu na Adolfu, fundi seremala kutoka Kabwe, kule ziwani, aliyepanda huku juu kutengeneza mabenchi ya kanisa na akashindwa kuteremka tena. Baba aliuliza ni mtu gani huyo anayekula samaki kila siku kama paka, naye Adolfu akajibu kwa kuleta mzigo wa migebuka iliyokaushwa, baba akala, na swali halikuulizwa mara ya pili. Mungu aliwajalia watoto watatu, Modesti aliyezaliwa mwaka 1952, ambaye ni dereva wa lori, Josefina aliyezaliwa mwaka 1955, ambaye ni mwalimu kule Mpanda, na Flavian aliyezaliwa mwaka 1959 na kufariki kwa surua mwaka 1961, akiwa na miaka miwili. Adolfu naye alianguka kutoka kwenye paa la kigango alichokuwa anakiezeka, akafariki tarehe 9 Novemba 1966, akimwacha dada akiwa mjane wa miaka thelathini na mitano, mwenye watoto wawili, shamba moja na sanduku la randa na misumeno, ambalo hakuliuza maisha yake yote.

Mwezi Machi 1967 parokia ilimwita asaidie huduma ya familia maskini, kazi isiyokuwa na mshahara, isipokuwa posho ya sabuni na viatu vya raba mara moja kwa mwaka, naye akaifanya kwa miaka kumi na saba. Alizunguka Ufipa yote kwa miguu, na mara chache kwa Landrova ya misheni, akiwa na fimbo yake ya mzeituni wa porini aliyoirithi kwa mzee, na mara nyingi akifuatana na muuguzi wa zahanati, dada Atusaye, mtu wa Tukuyu, Mmoravian wa damu. Hao wawili walibishana juu ya rozari tangu Milanzi hadi bonde la Kaoze, kila mmoja akaimba nyimbo za kanisa lake kwa sauti ili kumfunika mwenzake, na walipofika kwa mgonjwa wakawa na moyo mmoja. Atusaye alipima watoto uzito, dada aligawa maziwa ya unga, mafuta na mablanketi, na wote wawili walifundisha akina mama kuchanganya uji wa ulezi na karanga kwa mtoto aliyevimba miguu na nywele zake kuwa nyekundu.

Furaha zilikuwepo, nisije nikazisahau kwa sababu ya msiba. Kule Kaoze mwaka 1971 kulikuwa na mtoto wa miaka mitatu asiyeweza kusimama, dada alimlisha kwa kijiko siku kumi na tisa, na siku ya ishirini mtoto huyo alinyakua tasbihi yake mezani na kukimbia nayo uwanjani, dada akamfuata huku analia na kucheka, na tasbihi yenyewe hakuitaka tena. Alikuwa akisema kwamba huyo ndiye mwizi pekee aliyemwombea aendelee.

Sasa nafika kwenye sehemu aliyoagiza isirukwe. Mwezi Septemba 1974, mkoa wetu wa Rukwa ukiwa bado mchanga, ilipita Operesheni Vijiji, na familia zilizokuwa zimetawanyika kila moja na shamba lake zilihamishiwa kijiji kipya cha Kasanzala, nyumba zikapangwa mstari kando ya barabara. Wengi waliacha nyuma yale matuta yetu ya Kifipa, ambamo mtu hufukia majani masika haya ili avune ulezi masika yajayo, na matuta ukiyaacha hayakufuati. Mvua za miaka ile nazo zilikuwa za kusuasua, kwa hiyo ilipofika Januari 1975 watu walikuwa wanakula unga wa njano kutoka nje, ule mlioupa jina la Yanga, na huo wenyewe ulikuja kidogo kidogo.

Njaa ni kitu kimoja na aibu ni kitu kingine. Mfipa aliyezoea kulisha wageni kwa ulezi wake hawezi kusimama mlangoni kwa mtu na kusema sina, na katika nyumba za mstari, ambamo jirani anasikia hata ukikohoa, mwanamke ambaye jiwe lake halisikiki alfajiri alisemwa kuwa mvivu, au kwamba mume amemtupa. Parokia ilimpa dada mifuko ishirini ya unga kwa kila safari, na nyumba zilikuwa mia moja na kumi. Kwa kuwa unga ulikuwa mchache na hakuna aliyekuwa tayari kuomba, dada alibuni njia yake mwenyewe. Alikuwa akienda Kasanzala mwanzo wa juma, analala kwa katekista, na alfajiri anapita mstari wa nyumba na fimbo yake, hasemi na mtu, anasikiliza mawe. Nyumba ambayo jiwe lake lilinyamaza alfajiri mbili mfululizo, aliiingia mchana kama mgeni mpita njia, akapiga magoti na makofi ya salamu kama ilivyo desturi yetu, akauliza habari za wazee, za watoto na za shamba, na alipoondoka kulibaki nyuma ya mlango mfuko wa unga ambao mwenye nyumba hakuuomba na yeye hakuutaja.

Njia hiyo ilifanya kazi, na ilikuwa njia ya heshima. Mara moja tu ilileta kicheko, pale alipoacha mfuko kwa wazee wawili ambao bibi yao alikuwa na bega bovu na akasaga saa sita mchana badala ya alfajiri, wazee wakaurudisha mfuko kwa katekista ukiwa na kuku juu yake, pamoja na ujumbe kwamba wao si maskini, ni wachelewaji. Dada aliisimulia hadithi hiyo hapa Milanzi hadi tukaichoka. Nadhani, kwa kuwa kosa hilo halikumdhuru mtu, lilimfanya aliamini sikio lake kupita kiasi.

Nyumba ya kumi na nne ilikuwa ya Bertilla, mke wa Philipo, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, mwenye mtoto mmoja wa kike, Kalista, aliyezaliwa mwezi Julai 1973. Philipo alikuwa ameteremka Kabwe tangu Novemba kutafuta kazi kwenye mitumbwi, akaahidi kurudi kabla ya Noeli na chakula, na Noeli ilipita bila habari. Bertilla hakutaka maneno yafike kwa wakwe kwamba mwana wao amemwacha bila kitu, basi kila alfajiri alipiga magoti mbele ya jiwe lake na kulisaga likiwa tupu, au akilitia ukufi wa makapi, ili mstari mzima usikie kwamba kwa Philipo kunapikwa.

Alfajiri ya Jumatano ya Majivu, tarehe 12 Februari 1975, dada alipita nyumba ya kumi na nne akasikia jiwe, akaenda hatua tatu, akasimama. Jiwe lilikuwa linakwaruza. Haya ametuambia mwenyewe kwa kinywa chake, si mara moja, na ameagiza niyasome mbele yenu, kwamba alisikia, kwamba mikono ya mama yetu ilimfundisha kulijua jiwe lile akiwa amefungwa macho, na kwamba alisimama pale kwa muda wa Salamu Maria tatu akijiambia kwamba huyu ni mke mchanga ambaye hajajua kusaga vizuri. Ukweli ni kwamba ulikuwa umebaki mfuko mmoja, naye alikuwa ameuwekea nia nyumba ya mwisho, ambayo jiwe lake lilikuwa kimya kabisa. Kuingia kwa Bertilla kungekuwa na maana ya kuchagua, na kuchagua kulimtisha, basi akaliacha sikio lake limdanganye na akapita.

Siku hiyo akarudi mjini kupakwa majivu, usiku mvua ikanyesha, barabara ikakatika, na hakuweza kurudi Kasanzala hadi Jumatatu tarehe 24. Alikuta watu wanatoka makaburini. Mtoto Kalista alikuwa amefariki Jumapili, akiwa na mwaka mmoja na miezi saba. Akina mama walimpisha dada apite mbele ili ampe pole mfiwa, naye akapiga magoti, na Bertilla, bila kupaza sauti na bila chozi, akamwambia mbele ya wote:

“Mama Modesti, ulisimama mlangoni kwangu. Nilisikia fimbo yako. Ukapita.”

Dada angeweza kujitetea kwamba jiwe lilikuwa linasaga, na kila mwanamke aliyekuwepo angemuunga mkono, kwa sababu wao pia walilisikia kila siku na hakuna aliyeuliza. Alisema tu, “Nilisimama, nikapita,” akabaki chini hadi katekista alipomwinua. Mwezi Aprili Philipo alirudi na gunia la dagaa, akakuta kaburi limeshaota majani.

Dada alilala kitandani siku tisa, haumwi, hali, hasemi. Siku ya kumi alikwenda kuungama, akarudi na kusema kwamba Mungu amemsamehe upesi mno, sasa amebaki mwenye mtoto. Tangu siku hiyo, ndugu zangu, mkitaka kujua dada alikuwa anatafuta nini katika maisha yake, hamna haja ya kwenda mbali, alikuwa anatafuta Bertilla amfungulie mlango.

Alirudi kwenye kazi, lakini njia ya kusikiliza aliitupa. Sasa aliingia kila nyumba bila kubisha hodi, akaenda moja kwa moja jikoni, akaweka kiganja juu ya jiwe la kusagia ili ahisi kama kuna unga kwenye mfuo wake, lile bonde la kusagia, na mnajua ninyi ni tusi la namna gani kupapasa jiwe la mwanamke mwingine. Alitukanwa, mwanaume mmoja alimfukuza kwa mpini wa jembe, balozi mmoja wa nyumba kumi aliiandikia parokia barua kwamba mama huyu anapekua, na watoto walimpa jina la Mama Mkono Jiweni, naye akaliitikia. Sisi wa familia tulimsihi apunguze, tukaona anatuaibisha. Alitujibu kwamba heshima aliyoitunza pale Kasanzala ilimgharimu Bertilla mtoto, kwa hiyo yeye hana tena heshima ya kutunza. Atusaye, ambaye hana kawaida ya kusifu Wakatoliki, ameniruhusu niseme kwamba katika vijiji alivyopapasa dada, daftari lake la uzito lilianza kuwa na kurasa za kupendeza, na kwamba aliona kwa macho yake akina mama wakimwona dada kwa mbali na kulifunua jiwe wenyewe kabla hajafika.

Na kila tarehe 23 Februari dada alikwenda Kasanzala na kikapu kidogo cha mianzi alichosuka mwenyewe, kimejaa ulezi wa shamba lake, akakiweka kwenye kizingiti cha Bertilla, akapiga magoti, akapiga makofi ya salamu, akasubiri. Mlango haukufunguliwa. Akiondoka, kuku walikuja wakala ulezi. Alikwenda hivyo mwaka 1976, na 1977, na kila mwaka hadi 1983, mara nane, hata ule mwaka ambao vijana walikuwa vitani na magari hayakupatikana, alitembea. Mwaka wa tano Atusaye alimwonea huruma na kumwambia aache, kwamba analisha kuku tu, naye dada akamjibu, “Ni kuku wake. Basi nimeshafika uani.”

Miaka hii ya karibuni mnaijua wenyewe, sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, maziwa ya unga hayakuja tena kutoka ng’ambo, na stoo ya parokia ikabaki na magunia matupu. Dada aliendelea kwa kile alichovuna mwenyewe. Mwezi Septemba 1983 alianza kulalamika tumbo, akatibiwa hapa mjini, na tarehe 21 Novemba alipelekwa Mbeya akisindikizwa na mwanawe Josefina, ambako madaktari walikuta uvimbe uliokwisha kuenea, wakamweleza ukweli kwa upole. Alirudi nyumbani Desemba akamkataza Josefina kutuambia, akasema yeye atatuambia wakati ukifika, akamrudisha Mpanda kwa wanafunzi wake, na sisi akatuambia kwamba amepewa dawa.

Mwaka huu ulivyoanza, chakula kilikuwa haba Milanzi nzima. Dada alikuwa tayari hawezi kula zaidi ya vijiko viwili, na alimwona mama Suma, jirani yake wa ukutani, akipunguza ugali kwenye sahani za wanawe ili amletee yeye. Ulezi wake wote aliugawa kwa nyumba mbili zenye yatima. Kisha, ili majirani wasijue na wasijinyime tena, alianza kuamka alfajiri, akipiga magoti mbele ya jiwe lake, analisaga. Mimi nalala nyumba ya tatu kutoka kwake. Tangu Januari nililisikia jiwe lile kila alfajiri, nikamwambia mke wangu kwamba dada anaendelea vizuri, nikageukia ukutani nikalala. Mtaniambia kwamba mimi ni mwanaume na sikufundishwa mambo ya jiwe, lakini nililelewa katika jiko lile lile, na ninaona haya kusimama hapa.

Tarehe 23 Februari mwaka huu, kwa mara ya kwanza, hapakuwa na kikapu Kasanzala, kwa kuwa dada hakuweza kufika hata barabarani. Bertilla ametueleza, na ameturuhusu tuseme, kwamba siku hiyo alikaa nyuma ya mlango wake tangu asubuhi kama alivyokaa kila mwaka, akiisubiri ile fimbo, kuku wakaja kizingitini wakazunguka, wakaondoka, jua likazama. Alivumilia siku kumi. Siku ya kumi na moja akafunga safari, akafikia kwa ndugu wa mumewe hapa mjini, na alfajiri ya tarehe 6 Machi akaja Milanzi akiulizia nyumba ya mama Modesti, lakini kabla hajaonyeshwa alisikia jiwe.

Hakuna mtu katika Ufipa hii anayeijua sauti ya jiwe tupu kama Bertilla. Alisimama mlangoni, naye hakupita. Aliingia bila kubisha hodi, akamkuta dada amepiga magoti, mikono yake imebaki mifupa, anasukuma jiwe juu ya jiwe, akamshika mabega, akaweka kiganja chake kwenye mfuo na kusema, “Mama Modesti, jiwe hili ni tupu.”

Dada alijibu, “Ni tupu, mama Kalista.”

Ilikuwa miaka tisa tangu mtu yeyote amwite Bertilla kwa jina hilo, kwa sababu watu walihamia kwenye majina ya watoto aliowapata baadaye. Alitoa kanga mgongoni, na ndani yake mlikuwa na kimoja cha vile vikapu vya mianzi, kimejaa ulezi. Ulezi wa dada ulikuwa umeliwa na kuku, lakini vikapu vyote vinane Bertilla alikuwa amevitunza, ametundika ukutani.

Hakurudi Kasanzala. Alikaa na dada siku hamsini na nne, akamwogesha, akamgeuza, akasaga, akapika uji mwepesi na kumnywesha kijiko kwa kijiko, na majirani wakaweka zamu ya kuni na maji. Watoto walipofika, Modesti kwa lori lake na Josefina kutoka Mpanda, walimkuta mama yao amelala kwenye shuka safi na mwanamke wasiyemjua anamchana nywele. Jumapili ya Pasaka, tarehe 22 Aprili, baada ya kupokea Komunyo, dada alimwomba Bertilla msamaha kwa maneno, jambo ambalo kwa miaka yote alikuwa amelisema kwa magoti tu. Sote tulikuwa chumbani. Bertilla akasema, “Nilikusamehe zamani, nikashindwa kufungua. Nilipoisikia fimbo yako siku ile, nilisaga kwa nguvu zaidi. Nilitaka upite, na nilitaka uingie. Na mimi nina sehemu yangu.” Wakashikana mikono, na sisi wengine tukatoka nje mmoja mmoja.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 29 Aprili 1984 dada alikuwa hawezi tena kumeza. Bertilla alikuwa jikoni anasaga kwa ajili ya uji wa watu waliokuja kumwona, na mlango wa jiko ulikuwa wazi. Dada alifumba macho akageuza sikio upande ule, akasikiliza kwa makini kama mtoto anayesahihishwa, akasema neno moja, “Linaguna.” Ilipofika saa tatu, kengele ya misa ya pili ikilia, alikata roho, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, miezi minane na siku kumi na tano. Ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, na watu wengi kwenye vijiji hivi ambao hatujui tuwaite nani wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa Sumbawanga na wa Mbeya, ambao hawakumficha ukweli na hawakumwacha na maumivu pale dawa zilipopatikana. Tunamshukuru Baba Paroko na masista, dada Atusaye, ambaye jana usiku aliongoza rozari kwa mara ya kwanza maishani mwake na akakosea fumbo la tatu, tumemsamehe, na wafanyakazi wenzake wote wa huduma ya familia. Tunawashukuru majirani wa Milanzi, kwa namna ya pekee mama Suma, kwa kuni, kwa maji, kwa sahani zile ambazo watoto wako walizilipa kwa matumbo yao.

Mama Kalista, wewe huna cheo cha kukutajia katika orodha hii, na familia imekaa jana ikakosa neno. Tumekubaliana tu kwamba jiwe la kusagia la dada ni lako, Modesti atalipeleka Kasanzala kwa lori lake, na kila tarehe 23 Februari tutakuja na kikapu, maana sasa tunajua njia.

Uji mliokunywa asubuhi hii, unga wake umesagwa na mikono ya mama Kalista juu ya jiwe hilo hilo. Mimi nililala macho wakati linasaga, nikalisikiliza hadi mwisho.

Dada Cornelia, umetembea vya kutosha. Weka fimbo chini, upumzike kwa amani.